Mbwa au Paka Wako Akiugua Umpeleke Wapi: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Nairobi

Swali hunifikia mara kwa mara, na mara nyingi ni usiku: "Naomba namba ya daktari mzuri wa mbwa." Nikiuliza mbwa ana nini, najibiwa kwamba hajala tangu Jumatatu. Siku hiyo ni Alhamisi. Namba natoa, lakini namba yenyewe haisaidii sana, kwa sababu mwenye mbwa bado hajajua anatafuta huduma ya aina gani. Daktari hodari anayezunguka na pikipiki hawezi kukaa na mtoto wa mbwa aliyewekewa dripu usiku kucha. Na huna sababu ya kuvuka mji hadi hospitali yenye eksirei kwa ajili ya dawa ya minyoo.

Mwongozo huu ufuate mnyama akiwa mzima. Tenga Jumamosi mbili, zitatosha.

## Vitu utakavyohitaji

- Daftari, au ukurasa mmoja kwenye simu. Andika umri, uzito, tarehe za chanjo, dawa anazotumia na zilizowahi kumdhuru.
- Kadi ya chanjo. Ipige picha pande zote. Kadi za karatasi hupotea siku ile zinapohitajika.
- Mizani ya kawaida ya bafuni. Jipime peke yako, kisha jipime ukiwa umembeba mnyama, halafu toa. Dozi huhesabiwa kwa kilo, na "ni mbwa wa wastani tu" si uzito.
- Kipimajoto cha dijitali na mafuta ya mgando. Kipimajoto huingizwa kwenye tundu la haja kubwa, kwa hiyo kiandike jina lake kwa kalamu isiyofutika, kisije kikaishia mdomoni mwa mtoto.
- Kikapu chenye mlango kwa ajili ya paka. Kreti mbili za plastiki zilizofunganishwa kwa kamba zinatosha.
- Bendeji pana au kitambaa kirefu cha kumfunga mbwa mdomo. Mbwa mpole akiumia huuma. Onyo: usimfunge mdomo anayetapika au anayehangaika kupumua.
- Akiba kwenye simu. Kumlaza mnyama hospitalini mara nyingi huanza na malipo ya awali.

## Hatua ya 1: Mjue mnyama wako akiwa mzima

Usipojua hali yake ya kawaida, utaitambuaje isiyo ya kawaida? Akiwa amelala fofofo, hesabu pumzi kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili. Mbwa na paka wengi wazima huwa chini ya 30 kwa dakika wakiwa usingizini.

Inua mdomo wa juu, tazama ufizi. Unatakiwa kuwa wa waridi na wenye unyevu. Ubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe, uachilie; rangi irudi ndani ya sekunde 2. Baadhi ya mbwa wana ufizi mweusi kwa asili na hutaona kitu hapo. Kwa hao, vuta kope la chini la jicho utazame utando wa ndani.

Joto la kawaida la mbwa na paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Wanaotumia mkono kupapasa pua hujidanganya: pua kavu haimaanishi homa, na pua yenye unyevu haimaanishi uzima.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwenye simu, bila kubahatisha: "Ana kilo 14, joto ni 40.1, ufizi umepauka." Anayepokea simu atakusikiliza kwa namna nyingine kabisa.

## Hatua ya 2: Amua kama ni sasa hivi, ni leo, au ni kwa ratiba

Hapa ndipo wengi huanguka, na nilianguka mimi mwenyewe.

Nilikuwa na paka dume, mnene, wa ndani tu. Jioni moja alianza kuingia kwenye sinia lake la mchanga, kuchuchumaa, kutoka, kurudi. Kila dakika tano. Nikadhani amefunga choo. Jirani yangu akaniambia nimpe mafuta ya kupikia. Kesho yake nikaenda agroveti, yaani duka la dawa za mifugo, nikapewa dawa ya minyoo, nikashukuru. Siku ya pili jioni alikuwa amelala chini ya meza ya jikoni, hataki kuguswa tumbo, na mchanga wake ulikuwa mkavu kabisa. Hakuwa na choo kigumu. Mrija wa mkojo ulikuwa umeziba, na nilikuwa nimepoteza siku nzima ambayo paka wa namna hiyo hana. Mkojo usipotoka, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo husimama. Aliponea chupuchupu.

Sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane:

- Paka dume anayejikamua bila mkojo kutoka.
- Kupumua kwa shida. Kwa paka, kuhema mdomo wazi.
- Ufizi mweupe, au wa bluu.
- Mbwa mkubwa, hasa mwenye kifua kirefu kama German Shepherd, tumbo limemjaa na anajaribu kutapika lakini hakitoki kitu.
- Degedege linalozidi dakika 5, au linalorudi siku hiyo hiyo.
- Kugongwa na gari, hata akiwa anatembea. Damu inayovuja ndani haionekani.
- Kukamua kwa nguvu nusu saa wakati wa kuzaa bila mtoto kutoka.
- Kudondosha mate mengi, kutetemeka, kuyumba: fikiria sumu. Beba pakiti au mabaki ya alichokula. Usimkamulie maziwa, mafuta wala mayai mabichi mdomoni. Huingia kwenye mapafu ukawa na matatizo mawili.

Leo hii, usingoje kesho kutwa: mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha, hasa ukiona damu, kwa sababu parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, humkausha maji kwa kasi. Mbwa mwenye kupe, amelegea, na mkojo wake una rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Hiyo ni dalili ya babesia, ugonjwa wa kupe unaovunja chembe nyekundu za damu. Mbwa jike ambaye hajatolewa kizazi, wiki chache baada ya kutoka kwenye joto (kipindi cha kutaka dume), anakunywa maji kupita kiasi na hataki kula: huenda mfuko wa uzazi umejaa usaha. Paka aliyekaa siku nzima bila kula.

Kwa ratiba: chanjo, minyoo, kuhasi, meno, kucha, ngozi inayowasha muda mrefu. Matone ya damu sehemu za siri za mbwa anayezurura nayo ni ya wiki hii. Mara nyingi ni uvimbe unaoambukizwa wakati wa kujamiiana, na hutibika vizuri kwa sindano za kila wiki zinazotolewa na daktari mwenyewe. Usikubali "tupake iodini tuone."

Kuna jambo moja lisilo la kliniki ya wanyama. Mbwa au paka akimuuma mtu, anza na mtu: osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali ya binadamu kwa chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mnyama aliyeuma asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe mahali salama, achunguzwe siku 10 chini ya maelekezo ya daktari wa mifugo.

## Hatua ya 3: Linganisha tatizo na aina ya huduma

Agroveti. Nzuri kwa chakula, shampuu, dawa ya minyoo ukiwa na uzito mkononi. Si mahali pa kupata utambuzi wa ugonjwa kupitia dirishani. Wasiojua huuza dawa ya kupe ya mbwa kwa mwenye paka. Ikiwa na kiuawadudu cha permethrini, inaweza kumuua paka. Na panadol ya nyumbani usimpe paka hata kipande, wala ibuprofeni usimpe mbwa.

Daktari anayekuja nyumbani. Ni chaguo langu la kwanza kwa chanjo za mbwa wengi boma moja, mbwa mkali anayechafuka akiona gari, mnyama mzee, na kwa ile siku ngumu ya kumlaza mnyama usingizi wa mwisho. Hafai kwa dharura: muda anaotumia kukufikia kutoka upande wa pili wa mji ndio muda ambao ungekuwa umeshafika mezani kwa daktari.

Kliniki ya mtaa. Hii iwe nyumba yako ya kawaida. Daktari mmoja au wawili, kipimo cha damu cha msingi, upasuaji mdogo. Faida yake kubwa ni kumbukumbu: anayemwona mnyama wako kila mwaka ataona kwamba amepungua kilo mbili kabla hujaona wewe.

Hospitali inayolaza. Eksirei, ultrasaundi, maabara ya ndani, watu wa zamu. Hapa ndipo mwenye parvo, aliyegongwa na aliyezibwa mkojo wanapotakiwa kwenda moja kwa moja.

Kliniki ya Kitivo cha Tiba ya Mifugo, Chuo Kikuu cha Nairobi, kule Kabete. Ni mahali pa kufundishia. Jiandae kusubiri, na kuulizwa swali lile lile na mwanafunzi kisha na mwalimu wake. Kwa ugonjwa uliowachanganya madaktari wawili, maswali hayo marudio ni faida. Piga simu kwanza ujue saa zao.

Mashirika ya hisani. KSPCA, iliyoko upande wa Karen, inajulikana kwa kuokoa wanyama na kuwahasi. Kama kipato kinabana, uliza huko kuhusu kuhasi kabla ya kuamua kwamba huwezi. Pia fuatilia kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Mwenye sungura au ndege aulize swali moja kabla ya mengine: "Daktari, sungura wa mwisho umemtibu lini?" Amoksisilini ya kunywa, ambayo mbwa huimeza bila shida, inaweza kumuua sungura kwa kuvuruga tumbo lake.

## Hatua ya 4: Hakikisha ni daktari kweli

Koti jeupe linauzwa mjini. Taaluma hii inasimamiwa na Bodi ya Mifugo ya Kenya, inayojulikana zaidi kwa kifupi KVB, chini ya sheria ya mwaka 2011. Bodi husajili makundi mawili: madaktari wa mifugo wenye shahada ya udaktari, na wataalamu wasaidizi waliosomea afya ya mifugo kwa cheti, diploma au shahada. Leseni huhuishwa kila mwaka.

Fanya hivi:

1. Uliza jina kamili na namba ya usajili. Sema tu, "Daktari, naomba namba yako ya KVB niiweke kwenye kadi." Aliye halali hakasiriki.
2. Litafute jina hilo kwenye sajili ya bodi mtandaoni.
3. Tazama ukutani: cheti cha mtu na leseni ya mwaka huu, si ya miaka mitatu iliyopita iliyofifia kwa jua.

Sina neno baya na wataalamu wasaidizi. Baadhi yao wana mikono mizuri kuliko ya madaktari. Lakini kufungua tumbo la mbwa wako ni kazi ya daktari wa mifugo, na una haki ya kujua nani atashika kisu.

## Hatua ya 5: Piga simu ukiwa mtulivu

Piga kliniki tatu zilizo karibu nawe. Usiulize "Mnafanya dharura?" Wote watasema ndiyo. Uliza kama nilivyouliza mimi baada ya yule paka:

"Habari ya mchana. Naishi Zimmerman, nina paka dume wa miaka minne. Akizibwa mkojo saa tano usiku, mnampokea?"

"Mlete tu, dada."

"Daktari atakuwepo, au ataitwa?"

Kimya kidogo. "Ataitwa."

"Anatoka wapi?"

"Kitengela."

Hakuna aliyenidanganya. Ila daktari wa kutoka Kitengela hadi Thika Road, Ijumaa ya mvua, si daktari wa dharura. Kliniki hiyo naitumia hadi leo kwa chanjo. Kwa usiku nina namba nyingine.

Ongeza maswali haya: Mnyama akilazwa, nani hukaa naye usiku? Je, watoto wa mbwa wenye parvo hulazwa chumba chao peke yao? Damu hupimwa hapo hapo au hupelekwa nje, na majibu huchukua muda gani?

Utajua umefaulu ukiwa na namba mbili zilizohifadhiwa kwa majina yanayoeleweka: "Paka Mchana" na "Paka Usiku".

## Hatua ya 6: Nenda ukatazame bila mnyama

Dakika kumi zinatosha. Mapambo ya mapokezi usiyajali. Tazama friji. Chanjo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo kuwe na kipimajoto ndani na kusiwe na soda za wafanyakazi. Uliza wanafanyaje stima ikipotea. Chanjo iliyopata joto inaweza kuingia mwilini bila kumkinga, nawe ukaondoka na kadi yenye mhuri.

Nusa. Harufu ya dawa ya kusafishia ni sawa. Harufu ya mkojo wa juzi si sawa. Virusi vya parvo hudumu miezi mingi sakafuni na havifi kwa sabuni ya kawaida. Uliza wanasafisha kwa nini. Klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa maji vipimo thelathini, huviua ikiachwa dakika kumi juu ya sakafu iliyokwisha kusafishwa.

Kama unapanga kuhasi, uliza kuhusu nusukaputi: nani huangalia pumzi na mapigo ya moyo wakati daktari anakata? Mnyama hupewa dawa ya maumivu ya siku ngapi? Jibu la "mbwa hawahisi sana" likitoka, shukuru uondoke.

## Hatua ya 7: Anza na jambo dogo

Usimjaribu daktari kwa upasuaji. Mjaribu kwa chanjo. Mtoto wa mbwa huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, kwa sababu kinga aliyopata kwenye maziwa ya mama inaweza kuizima chanjo ya mapema. Anayekuambia dozi moja ya parvo inatosha kwa mtoto wa wiki sita, anakosea. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi 3, kisha kila mwaka.

Daktari unayemtaka atampima uzito, joto, atasikiliza kifua na kutazama ufizi kabla ya kugusa sindano. Atabandika kwenye kadi kile kijikaratasi cha chupa chenye namba ya toleo. Atakuambia ungoje kidogo baada ya sindano, aone kama uso hauvimbi. Akimaliza yote kwa dakika mbili, mlangoni, huku anaongea na simu, umeshapata jibu lako kwa bei nafuu.

## Hatua ya 8: Kubalianeni kuhusu pesa kabla ya matibabu

Omba makadirio yaliyoandikwa, ya chini na ya juu, na uulize simu itapigwa wakati gani yakikaribia kuvuka. Kama pesa zina kikomo, sema waziwazi: "Daktari, nina kiasi hiki. Tuanze na kipimo gani?" Aibu hapa ni ghali. Daktari mzuri hupanga vipimo kwa umuhimu. Asiyefaa hukuorodheshea vyote au hukata tamaa.

Soma fomu ya idhini kabla ya kutia sahihi, hasa sehemu ya nusukaputi na ya kufufua moyo ukisimama.

Ukiona siku tatu zimepita, sindano ni zile zile, hali ni ile ile na hakuna kipimo kilichofanywa, omba nakala ya rekodi na majibu ya maabara uende kwingine. Si usaliti. Bila rekodi hizo daktari wa pili ataanza upya, na utalipa mara mbili.

## Hatua ya 9: Ijaribu safari

Umbali wa Nairobi hupimwa kwa saa. Kliniki ya kilomita sita kupitia Ngong Road saa kumi na mbili jioni inaweza kuwa mbali kuliko ya kilomita kumi na tano asubuhi. Pita njia hiyo mara moja jioni ya siku ya kazi, ujionee.

Dereva wa teksi mwambie mapema kuna mnyama, na utandike shuka kuukuu kitini. Kuwa na namba ya dereva mmoja wa mtaani kwenu anayekubali mbwa. Wa kuitwa kwa programu anaweza kughairi akishaona manyoya. Paka asipandishwe boda bila kikapu, hata mpole. Honi moja tu na hutamwona tena. Mtoto wa mbwa anayeharisha abaki garini ukifika, wewe uingie useme kwanza, asije akaambukiza waliokuja kwa chanjo.

Mwisho, andika karatasi moja: namba mbili za kliniki, namba ya dereva, uzito wa mnyama, dawa zake, na orodha ya "sasa hivi" kutoka Hatua ya 2. Yangu imebandikwa jikoni, juu ya swichi ya taa, mahali ambapo hata dada anayenisaidia kazi za nyumbani haikosi akiingia usiku.